Ubao Uliomeza Kidole

Punda wetu alimvunja jirani mbavu mbili. Jirani mwenyewe husema nne. Mimi nikihadithia barazani husema sita, kwa sababu mtu wa pande lile la mwili kuangushwa kwa mbavu mbili tu ni kumvunjia heshima.

Jirani huyu alikuwa muuza nyama, na nyumba yake imepakana na ua wetu hapo Wiyoni, Lamu. Paja la ng'ombe alilipasua kwa pigo moja la shoka. La pili hakuwahi kulihitaji. Siku hiyo alikuwa anapita kichochoroni nyuma ya banda la punda, kanzu imepigwa pasi, anakwenda kuswali alasiri. Punda akautia teke ukuta wa banda. Ubao wa mvinje, mnene kama kitabu cha Biolojia, ukachomoka na misumari yake yote ukamkuta bwana chini ya kwapa. Mimi nilikuwa uani napasua kuni. Nilisikia vishindo viwili, cha ubao kuvunjika na cha mtu kuvunjika, na hadi leo siwezi kuapa ni kipi kilichokuwa kikubwa zaidi.

Punda mwenyewe alikuwa dume la kijivu, sikio moja limeng'olewa nusu katika vita vya ujanani. Duniani alimpenda mtu mmoja tu, mamangu, aliyemlea kwa chupa ya mtoto baada ya mamake kufa. Sisi wengine wote tulikuwa wa kuumwa. Aliwahi kumng'ata begani mwendesha bodaboda, kisha akaigeukia bodaboda yenyewe akaing'oa taa. Aliwahi kumpiga teke dume mwenzake pale ufuoni likaruka, naapa, likatua Shela, kijiji cha pili. Lakini mzigoni alikuwa malaika. Mchanga wa ujenzi, mawe ya matumbawe, mifuko ya saruji, hakuwahi kuangusha hata kimoja. Ghadhabu yake ilikuwa moja tu, kufungiwa. Ukimtia bandani alimaliza kuta. Ukimwacha nje alimaliza watu.

Jumatatu jirani akaja kwetu, kifua kimefungwa bendeji kama mtoto mchanga aliyeviringwa, na shoka mkononi. Mamangu alimpokea kutoka dirishani.

"Bi, nimekuya kwa heshima."

"Heshima gani yenye shoka, bwana?"

"Shoka ni la kazini."

"Basi lirejeshe kazini, kisha uye na heshima peke yake."

Hakuondoka. Alipumua kwa taabu, akasema maneno yake polepole, kila neno likimchoma ubavuni. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, angekuja na nyundo kubwa kuupiga ukuta wa banda letu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima. Ukuta ukisimama, punda abaki; ukianguka, ataingia mashuani siku ile ile, avushwe bara kwa wanunuzi wa ngozi. Watu wa mtaa walikwisha kukubaliana naye. Wengine walikuwa na alama za meno kama ushahidi.

Mamangu, ambaye hata siku tuliyomzika baba hakulia mbele za watu, alifunga dirisha akakaa kizingitini.

"Mwanangu," akasema, "punda huyu ndiye aliyekusomesha."

Ilikuwa kweli tupu. Mchana nilibeba mchanga naye, jioni nikaenda skuli ya watu wazima nikiwa nanuka punda hadi mwalimu akanikalisha karibu na dirisha, kisha akafungua na dirisha la pili. Cheti changu cha kidato cha nne, ninachokipangusa vumbi kila Ijumaa, kilibebwa mgongoni mwa mnyama yule, jiwe moja kwa jiwe moja. Sasa ngozi yake ilikuwa imepewa siku nne.

Nikamkimbilia mwalimu.

Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kuelewa kitu kwa kukipiga nyundo kwanza. Alitufundisha Fizikia jioni, na mchana alifundisha useremala. Kwa miezi kadhaa alikuwa akihangaika na jambo moja: kutengeneza mbao kwa unga wa msumeno na taka za mpira. Alikuwa na pipa la gundi ya unga, jeki mbili za lori, na ndoto.

"Buda, sikiza," aliniambia nilipomaliza kumweleza habari za mbavu. "Mbao ya kawaida ni ngumu lakini haina akili. Teke ikikuja inashindana nayo, inavunjika. Sisi tunaichanganyia mpira. Teke ikikuja, inarudi nyuma kidogo, alafu inairudisha kwa mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwa punda! Mguu yake mwenyewe imrudie."

Nilimpenda mtu yule kwa sentensi hiyo moja kuliko kwa masomo yote ya kani na mwendo.

Mpira haukuwa tatizo. Bahari haina miguu lakini ina ndara za dunia nzima. Jamaa yangu mmoja wa Mkokoni alikuwa na milima ya ndara zilizotupwa ufuoni na mawimbi, kila moja ya mguu mmoja, hakuna hata jozi, na alituletea magunia kadhaa kwa furaha ya mtu anayekimbiwa na mbu. Tukaongeza tyubu mbovu za bodaboda. Mwalimu akaja uani kwetu na mashine yake ya kusaga, aliyoitengeneza mwenyewe kwa injini ya pampu ya maji na magurudumu mawili yenye meno ya msumeno. Alipoiwasha, kuku wa mtaa wetu waliacha kutaga. Ndara ikiingia hivi, ilitoka chembechembe kama tambi zilizokatwa, na ilitoka inalia.

Mimi nilipewa kazi ya unga wa mbao. "Safi na kavu," mwalimu alisema. "Safi na kavu, umeskia?"

Nilisikia. Lakini masikio ni kitu kimoja na uvivu ni kitu kingine. Badala ya kuzunguka kwa mafundi samani mmoja mmoja kuomba vikapu, nilikwenda Matondoni kwa waunda vyombo, nikakuta chini ya mashua moja pana rundo la unga linalofika magotini. Fundi aliniambia nichukue wote, nimpunguzie kufagia. Nikajaza magunia matano, nikajiona nina akili kuliko mwalimu wangu. Sikutazama juu. Ningetazama juu ningeona mbavu za mashua ile zimetoka kupakwa sifa, mafuta ya papa tunayozilinda nayo mbao dhidi ya maji ya chumvi, na kwamba yalikuwa yanadondoka taratibu, tone kwa tone, juu ya rundo langu. Mtu wa Lamu amezaliwa ndani ya harufu ya sifa. Haisikii tena, kama vile samaki asivyosikia maji.

Na mwalimu? Mwalimu alikuwa na mafua.

Jumatano mchana tukachanganya. Vibaba viwili vya unga, kimoja cha mpira, gundi, kisha mchanganyiko wote katikati ya mabamba mawili ya chuma yaliyopashwa moto wa makaa, jeki chini, fremu ya vyuma juu. Tukapiga jeki hadi vyuma vikaguna. Tukangoja. Mvuke ukawa unafoka pembeni kwa hasira, nami nikawa namweleza mamangu mambo ya shinikizo kama profesa. Kisha mwalimu akalegeza jeki.

Sijawahi kwenda vitani, lakini baada ya siku ile sina haja. Gundi haikuwa imeshika kitu, maana sifa ilikuwa imeipaka kila chembe mafuta. Mvuke uliokuwa umebanwa ndani ulipopata upenyo ulitoka wote kwa mara moja. Ubao ulipasuka kwa mlio uliowatoa watu majumbani hadi mtaa wa Langoni, wengine wakipiga shahada. Bamba la juu liliruka. Mpini wa jeki ulizunguka hewani ukanipiga mdomoni, nikatema jino moja na nusu. Vipande vya moto vyenye uvundo wa papa vilipaa juu ya ukuta vikamnyeshea muuza nyama, aliyekuwa amelala kitandani uani kwake akiuguza mbavu.

Alidhani ni punda amepita ukutani. Alitoka na shoka, bila kanzu, bendeji zinapepea, akaingia kwetu kwa kuung'oa mlango. Alimkuta kwanza mwalimu, akamzaba kofi lililomgeuza uso ukatazama bara. Mwalimu, mtu wa amani, mwimbaji wa kwaya, alimrudishia ngumi iliyompata palepale penye bendeji. Jirani akanguruma. Mimi, mdomo umejaa damu, nikajitosa katikati kuwaamua, nikapigwa na wote wawili. Tukabiringika, tukaviangukia vyuma vya moto, tukainuka tukilia, tukaendelea. Shoka lilikwama kwenye shina la mpapai. Punda naye, ambaye hakupenda kuachwa nje ya starehe, alivunja ubao wa mwisho wa banda lake akaja mbio, akachagua tako la jirani, akaling'ata akashikilia.

Aliyetutenganisha ni mamangu, kwa mchi. Hakuuliza nani ameanza. Alitupiga mmoja mmoja kwa zamu, kwa haki, mgongoni, kama anayetwanga mpunga. Kisha akamnong'oneza punda neno moja, punda akaachia.

"Ijumaa," jirani alisema akichechemea kutoka, mkono mmoja mbavuni, mwingine nyuma. "Ijumaa, Bi. Wallahi sirudi nyuma."

Mwalimu alikaa chini, akapenga damu puani. Pua ikazibuka. Akaokota kipande cha ubao, akakinusa, akanitazama.

"Hii ni samaki?"

Nikamweleza. Akakitupa kipande kile makaani.

"Kesho," akasema, "unga utaenda kutafuta na mimi."

Alhamisi alfajiri tulizunguka kwa mafundi samani wa mjini, karakana kwa karakana, tukapata unga mkavu wa mvinje na mwembe. Mwalimu alionja kila kikapu kwa ulimi. Kurudi, mpira uliosagwa ulikuwa haututoshi, nikawasha mashine tena. Nilikuwa nasukuma ndara kwa kijiti kama nilivyofundishwa, ila kwa ndara ya mwisho kabisa kijiti kilivunjika, nikaona si kitu, nikaisukuma kwa mkono. Wanaovaa ndara wanajua ule ukanda wake unavyoshika kidole cha mguu. Basi ulishika kidole changu cha mkono. Meno yakaivuta ndara, ndara ikanivuta mimi.

Haikuuma. Nasema kweli, kwa mara moja katika masimulizi haya sizidishi: haikuuma. Kulikuwa na mtikiso mdogo, kama wa mtu anayekupa mkono wa salamu, halafu ncha ya kidole changu cha shahada, kuanzia pingili ya juu, ikawa haipo. Damu ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja na ndugu zake wote. Mwalimu alinifunga kwa shati lake akaniitia bodaboda. Nikashonwa hospitalini. Yeye, aliyejua kesho ni Ijumaa, alirudi kazini peke yake akilia na kuchanganya. Aliposhindilia mchanganyiko aliona upande mmoja wa ubao ni mwembamba, akaumwagia huko ndoo ya mwisho ya mpira, ile iliyokuwa chini ya mashine. Akabana, akangoja, na safari hii akaiachia jeki pumzi kwa pumzi.

Niliporudi ubao ulikuwa umelala uani, mpana kama mlango wa msikiti, mweusi wenye madoa ya rangi za ndara zote za ulimwengu. Haukuwa na ufa. Mwalimu aliupiga nyundo kunionyesha, nyundo ikamrukia nyuma ikataka kumvunja goti. Tulicheka hadi nyuzi za kidole zikaniuma.

Mamangu hakucheka. Alikuwa anatazama bendeji.

"Kiko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kilichokatika. Kiko wapi nikakizike?"

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Hata jino langu la Jumatano alikuwa ameshalizika chini ya mkomamanga. Tukainama sote watatu tukatafuta. Tulipekua meno ya mashine, tukachekecha mchanga kwa ungo, tukatazama hata kwato za punda. Kisha mwalimu akasimama wima, uso umegeuka majivu, akautazama ubao. Sisi nasi tukautazama.

"Hautaingia bandani," mamangu akasema.

"Mama," mwalimu alianza, "hiyo kitu ni kadogo sana, kama—"

"Kadogo kwako. Mimi nilikizaa."

"Lakini punda—"

"Nampenda punda. Lakini nyama ya mwanangu haipigwi mateke na punda, ikarushiwa mavi kila siku. Ubao huu utazikwa."

Mwalimu akapendekeza auchonge kwa msumeno aondoe kile kidole. Mamangu akamuuliza kama mwanawe atakatwa mara ngapi kwa wiki moja. Upande wa pili wa ukuta tulisikia mtu ananoa kitu juu ya jiwe, taratibu, kwa raha zake.

Nilikaa usiku ule na kidole kinachopiga kama ngoma, nikiwaza. Asubuhi nikamwuliza mwalimu swali moja: ndoo ya mwisho aliimwaga wapi? Akanionyesha upande uliokuwa mwembamba, kiasi cha shubiri mbili tatu kutoka ukingoni. Ndara iliyonivuta ilikuwa ya mwisho kusagwa. Basi mimi nilikuwa pale, si kwingine.

Nikamwita mamangu nikamwonyesha. Aliupapasa ukingo ule kwa kiganja, kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa cheupe.

"Ubao utasimama," akasema. "Upande wa kidole tini, ardhini. Chimbeni."

Hadi hapo nia yetu ilikuwa kuupigilia ubao misumari kwenye nguzo kama kuta zote zilizotangulia, na mwalimu alikiri baadaye kwamba misumari ingeng'oka kwa teke la tatu. Sasa tulichimba kaburi. Chini ya Wiyoni ni jiwe la matumbawe. Tulilipiga kwa mtaimbo na sururu, mwalimu kwa mikono miwili na mimi kwa mmoja, cheche zinaruka, hadi adhana ya kwanza. Mamangu aliuviringa ukingo kwa kile kitambaa, akasema bismillahi, tukaushusha, tukaufukia kwa mawe na tukashindilia hadi mikono ikapasuka. Punda alisimama nyuma ya ubao akitunusa, sikio moja na nusu limelala.

Wakatoka msikitini. Uani kwetu walijaa watu wote wa Wiyoni, na nadhani wa Mbwajumali walivuka bahari. Muuza nyama akaingia na nyundo ya kuvunjia mawe. Hakusalimu. Alitema mate viganjani, akaukabili ubao kutoka upande wa kichochoro, akainua, akapiga kwa uzito wa mbavu zote, nzima na mbovu.

Ubao ukainama. Ukainuka. Nyundo ikarudi kwa njia ile ile ikampokonya kofia na kipande cha ngozi ya paji. Watu wakasema "Aaah!" Damu ikamshuka puani. Akapiga tena, na tena, mara ya nne ikampiga begani akapiga goti. Punda, kwa kusikia ugomvi asioshirikishwa, akageuka akatoa teke lake kwa upande wa ndani, lile teke, la miguu yote miwili. Ubao ulimtupa akaangukia magoti ya mbele. Aliinuka akageuza shingo kuutazama. Katika maisha yake hakuna kitu kilichowahi kumjibu. Akauchapa tena. Nilihesabu hadi tisini. Mamangu husema tisa. Ardhi chini ya ubao haikupasuka hata ufa mmoja.

Jirani alibaki amepiga goti, anahema, mkono umeegemea ubao. Hapo ndipo akakiona kitambaa cheupe, ncha yake ikichungulia udongoni.

"Bi," akasema, "hiki ni nini?"

"Kidole cha mwanangu. Tumekizika asubuhi."

Akautoa mkono pale kama aliyeungua.

"Umeniwata nipige kaburi kwa nyundo, usinizuie? Ijumaa?"

"Hukuuliza, bwana. Hata salamu hukutoa."

Hakuna aliyecheka, japo mwalimu aliuma mkono. Muuza nyama aliinuka kidogo kidogo, akaokota kofia, akaipangusa damu. Aliutazama ubao, akamtazama punda, akautazama mkono wangu wenye bendeji, na niliona akipima: ukuta haukuanguka, na hata ungeanguka, nani tena angeufukua? Akasema astaghfirullah mara tatu. Kisha akachukua nyundo yake akaenda zake, na njiani alimsukuma mmoja wa wale wenye alama za meno aliyethubutu kuuliza mashua itaondoka saa ngapi.

Punda yuko hadi leo. Huupiga ubao kila siku baada ya kazi, nao humpiga, kisha wote wawili hutulia. Mimi katika tahiyatu huinua kidole kifupi kuliko cha watu wengine, na mamangu, kila anapopita bandani na ndoo ya pumba, kwanza hutoa salamu ya makaburini, halafu ndipo humlisha punda.